"Kamera Ilizima": Historia ya Chaji, Joto na Wapiga Picha wa Mbinga na Mwambao wa Ziwa Nyasa

Si ajabu kukuta familia ya Mbinga ina picha kumi na tano za harusi ya babu na bibi, za mwaka 1982 huko. Zimepauka pembeni lakini zimekamilika: kanisani, mlangoni, wazee wamekaa kwenye viti, watoto wamechuchumaa mbele. Halafu harusi ya mtoto wao, ya mwaka 2009, iliyopigwa na kamera ya digitali mpya kabisa, inaishia kwenye keki. Baada ya keki hakuna kitu. Hakuna zawadi, hakuna wazee wa upande wa mume, hakuna ngoma ya mganda. Ukiuliza kulikoni, unajibiwa maneno mawili tu: "Kamera ilizima."

Maneno hayo mawili yameharibu majina ya wapiga picha kibao kuanzia Mbinga mjini mpaka Mbamba Bay, Liuli na Lituhi. Mteja aliona ametapeliwa. Kameramani aliona ameuziwa kamera mbovu. Wapo waliouza kamera mpya kwa bei ya kutupa, wakarudi shambani kwenye kahawa. Lakini mdau, ukifuatilia historia yenyewe taratibu unagundua kwamba mara nyingi kamera haikuwa mbovu. Ilikuwa imekuja na njaa ya umeme na uoga wa joto, ikaletwa sehemu yenye umeme wa kubahatisha na jua kali, na hakuna aliyewaelekeza watu namna ya kuishi nayo. Walijifunza wenyewe, mtaani, kwa hasara.

KAMERA ISIYOKULA KITU

Picha huku Ruvuma hazikuanza jana. Wamisionari, kama wale Wabenediktini wa Peramiho waliofika Songea mwaka 1898, walitokea kwenye dunia ambayo tayari ilikuwa na kamera. Za enzi hizo zilikuwa masanduku makubwa ya mbao yenye vioo ndani badala ya mkanda. Zilikuwa nzito, zilikuwa taabu kubeba, ila zilikuwa na sifa moja: hazikuhitaji umeme hata chembe. Mwanga wa jua ulitosha.

Sifa hiyo ilidumu miaka mingi. Chukua Zenit E ya Warusi, kamera ya chuma tupu iliyotengenezwa kwa mamilioni kuanzia miaka ya 1960. Mita yake ya kupima mwanga ilitumia seleniamu, madini ambayo yenyewe yakipigwa na mwanga yanazalisha umeme kidogo. Kwa hiyo mita ilijilisha yenyewe. Kufunga na kufungua njia ya mwanga ilikuwa kazi ya springi. Ukivuta mkanda, unakaza springi. Ukibonyeza, springi inafyatuka. Kamera ya namna hiyo ungeweza kuzunguka nayo vijiji vyote vya Umatengo mwezi mzima bila kuwaza soketi ya ukutani.

Baadaye zikaja kamera ndogo za mkanda zenye flashi ndani, zile za betri mbili za duara kama za redio. Hapa ndipo betri ilipoanza kuingia kwenye stori, lakini kistaarabu. Kazi yake kubwa ilikuwa flashi. Mpiga picha wa siku hizo wasiwasi wake ulikuwa mwingine kabisa. Mkanda mmoja una picha 36, kila picha ni hela, hivyo hupigi ovyo. Na ukishapiga kuna kupeleka mkanda Songea ukasafishwe, kilomita mia moja hivi kutoka Mbinga kwa barabara ya vumbi ya wakati huo. "Mama, njoo wiki ijayo" ulikuwa wimbo wa kila siku.

Shida zilikuwepo basi. Mkanda uliungua mwanga, nega zilichanika, picha zilichelewa. Lakini jambo la kamera kuzima katikati ya sherehe lilikuwa nadra. Hicho ndicho kizazi cha kidigitali hakikukirithi.

REDIO INAIMBA, KAMERA IMEKUFA

Kamera ya digitali ilizaliwa na njaa. Ya kwanza kabisa ilitengenezwa Marekani mwaka 1975 na injinia wa Kodak, Steven Sasson. Ilikuwa na uzito wa kama kilo 3.6, ilichukua sekunde 23 kuhifadhi picha moja kwenye kaseti, na ili ifanye kazi ilihitaji betri 16. Betri kumi na sita! Picha yenyewe ilikuwa ya nyeusi na nyeupe, ya ubora ambao leo hata simu ya bei chee ingeuonea aibu.

Miaka thelathini baadaye, kamera ndogo za digitali zilipoanza kuonekana mikononi mwa watu wa Mbinga, njaa ile ilikuwa imepungua ila haijaisha. Nyingi za bei nafuu zilitumia betri zile zile mbili za redio. Hapo ndipo kasheshe ilipoanzia. Mtu anaingia dukani, ananunua betri mpya za bei ndogo, anaziweka, anapiga picha tano au kumi, kamera inaandika betri imeisha. Anarudi dukani kwa hasira: "Umeniuzia feki!" Mwenye duka anazichukua, anaziweka kwenye redio yake, redio inaimba vizuri tu.

Wote wawili walikuwa sahihi. Betri haikuwa imeisha. Redio inavuta umeme kidogo kidogo, kama mtu anayekunywa togwa kwa kijiko. Kamera ya digitali inavuta kwa mkupuo: lenzi itoke, kioo kiwake, flashi ijaze, picha iandikwe kwenye memori kadi, vyote ndani ya sekunde chache. Betri za kawaida za bei ndogo haziwezi kutoa umeme mwingi kwa wakati mmoja. Nguvu inashuka ghafla, kamera inaona kama betri imekufa, inajizima.

Waliolijua hilo mapema waliokoa biashara zao. Walihamia kwenye betri za alkalini, na wenye uwezo wakanunua za kuchaji aina ya nikeli, ambazo zimeandikwa volti 1.2 badala ya 1.5. Namba hiyo ndogo iliwatisha wengi, wakadhani ni dhaifu. Kumbe kwa kamera zilikuwa bora, maana zinatoa umeme mwingi bila kulegea.

NJAA MPYA YA KAMERA KUBWA

Kisha zikaja kamera kubwa za kubadilisha lenzi, zenye betri bapa ya lithiamu. Betri za aina hii ziliingia sokoni mwaka 1991, na waasisi wake watatu walipewa Tuzo ya Nobeli ya Kemia mwaka 2019. Kwa mpiga picha wa harusi ilikuwa ukombozi. Kamera kama Canon EOS 1200D, kwa vipimo vya kampuni, hupiga picha kama 500 kwa chaji moja.

Lakini kipimo hicho kina masharti ambayo wengi hawakuyasoma. Picha 500 ni kwa mtu anayechungulia kwenye tundu la juu. Anayepiga huku anaangalia kioo cha nyuma, kama anavyofanya kwenye simu, anapata kama 180 tu. Na kipimo kilifanyika kwenye joto la nyuzi 23. Mbamba Bay mchana wa Oktoba, nyuzi 23 utazisikia kwenye redio tu.

Sababu ya tofauti hiyo kubwa ni rahisi. Ukichungulia kwenye tundu, mwanga unapita kwenye vioo kuja jichoni, na sensa ya kamera imelala. Inaamka kufumba na kufumbua, inachukua picha, inalala tena. Ukitumia kioo cha nyuma au ukirekodi video, sensa na prosesa vinafanya kazi muda wote, kama pikipiki iliyowashwa inanguruma huku imesimama. Inakula mafuta na inachemka. Kwa hiyo chaji kuisha haraka na kamera kupata joto, mara nyingi ni ugonjwa mmoja wenye dalili mbili.

Juu ya hapo kulikuwa na tatizo la umeme wenyewe. Kwa miaka mingi Mbinga mjini walitegemea majenereta ya dizeli ya TANESCO. Dizeli ikichelewa au mashine ikiharibika, giza. Huko ziwani vijiji vingi vilitegemea sola na jenereta za watu binafsi. Mpiga picha alipeleka betri kwenye kibanda cha kuchajia simu, inakaa kwenye foleni na simu ishirini, umeme unakatika, anarudishiwa ikiwa nusu. Anaiweka kwenye kamera akiamini imejaa. Keki ikikatwa tu, giza.

Hapo pia ukazaliwa uzushi uliodumu hadi leo, kwamba betri mpya ni lazima ichajiwe saa nane au usiku kucha kabla ya kutumika, na kwamba ni lazima uimalize kabisa kila mara ndipo uchaji tena. Ushauri wa kumaliza ulitokana na betri za zamani za nikeli. Ya lithiamu haina haja hiyo. Ikijaa, chaja yake halisi inaacha yenyewe. Na kuimaliza mpaka sifuri kila siku kunaichosha bure.

KUTOKA BARIDI YA UMATENGO MPAKA JOTO LA ZIWA

Kinachoifanya historia hii iwe ya Mbinga hasa ni milima. Milima ya Umatengo inapanda mpaka karibu mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Ziwa Nyasa lipo chini kabisa, mita 475 hivi. Barabara ya Mbinga kwenda Mbamba Bay haifiki hata kilomita 70, lakini ukishuka ni kama umebadilisha nchi. Asubuhi ya Juni umevaa sweta na kofia, mchana uko ufukweni shati limelowa jasho.

Sasa fikiria kameramani wa Mbinga aliyealikwa kupiga kipaimara asubuhi huku milimani, na harusi mchana kule ziwani. Asubuhi kwenye ubaridi, betri iliyojaa inaonyesha nusu. Anashtuka. Anaitoa, anaiweka mfukoni karibu na mwili, dakika kumi baadaye imerudi. Hakuna muujiza. Baridi inaifanya betri ya lithiamu iwe nzito kutoa umeme, ikipata joto inaamka.

Mchana kule ziwani mambo yanageuka. Begi lake ni jeusi, kamera ni nyeusi, vyote vimefungwa nyuma ya pikipiki juani. Kabla hata hajawasha, kamera ni ya moto. Anaanza kurekodi mganda. Anayeujua mganda anajua hauchezwi dakika mbili. Wachezaji wamepanga mistari, sare zimenyooka, ngoma inaendelea, na hakuna mtu anayetaka video ikatwe katikati. Wakipumzika, kina mama wanaingia na kioda. Kameramani hazimi. Baada ya muda kwenye kioo kinatokea kialama cha kipimajoto, halafu kamera inakata moto.

Wengi walidhani imeungua. Kwa kweli ilikuwa inajilinda. Kamera nyingi zimetengenezwa kufanya kazi kwenye joto lisilozidi nyuzi 40, na zina kipima joto ndani. Ikizidi, inazima kabla sensa na betri hazijaumia.

Hasara kubwa ilikuja kwa walioshindwa kusubiri. Wapo wanaoiweka kamera yenye moto kwenye deli la barafu la soda ili ipoe fasta. Inapoa kweli, lakini mvuke unageuka maji ndani ya lenzi na kwenye saketi, na hapo ndipo kamera nzima inageuka kuwa mbovu kweli.

WALIVYOJIFUNZA KUPIMA

Maarifa yaliyobaki mtaani hayakuandikwa na mtu. Yalipita kwa mdomo, kutoka kwa kaka kwenda kwa mdogo wake, kwenye vibanda vya picha za pasipoti. Ukiyakusanya, yanafuata mpangilio mzuri tu.

Cha kwanza ni kujua mwizi wa chaji ni nani, betri au kamera. Chaji betri ijae, itoe, ilale kabatini usiku mmoja nje ya kamera. Asubuhi ipime. Ikiwa imeshuka sana, betri ndiyo mgonjwa. Ikiwa imejaa vile vile, ijaze tena, safari hii ilale ndani ya kamera iliyozimwa. Ikishuka, kamera inaiba. Baadhi ya kamera zenye GPS huendelea kula chaji hata swichi ikiwa imezimwa, mpaka uizime GPS yenyewe kwenye menyu.

Betri ikiwa mgonjwa, iangalie vizuri. Betri halisi ya Canon aina ya LP-E10 imeandikwa 860 mAh. Ukiuziwa ya umbo lile lile, nyepesi mkononi, imeandikwa zaidi ya 2,000, jiulize uwezo huo umejificha wapi. Tazama pia vyuma vya mguso. Jasho na vumbi vikiganda pale, umeme unapita kwa taabu. Kitambaa kikavu na safi kinatosha kuvifuta.

Kamera ikiwa ndiyo mlaji, walianza kupunguza vitu kimoja kimoja. Mwanga wa kioo ushushwe. Picha isikae kwenye kioo sekunde nyingi baada ya kupigwa. Wi-Fi na Bluetooth zizimwe. Kamera ijizime yenyewe ikiachwa dakika moja. Kuchungulia kwenye tundu kuwe ndiyo kawaida, kioo kiwe cha dharura. Na ile tabia ya kila mgeni kuomba "kaka hebu nione nilivyotoka" ipewe muda wake baada ya shughuli.

Kwenye joto, kanuni ni za mkulima tu: kivuli, mapumziko, subira. Begi likae chini ya mti, lifunikwe kanga ya rangi nyepesi. Video ikatwe vipande vifupi, kamera izimwe wachezaji wakipumzika. Kioo kinachofunguka kivutwe nje kiachane na mwili wa kamera, joto lipate njia. Betri iliyotoka kwenye chaja ikiwa ya moto ipoe kwanza ndipo iingie. Na kama hakuna haja ya video ya ubora wa juu kabisa, ishushwe ngazi moja, prosesa ipumue.

Kamera kuwa ya uvuguvugu mkononi ni kawaida. Ila betri ikivimba, ikitoa harufu, au ikawa ya moto kiasi cha kushindwa kuishika, hapo hakuna mjadala. Zima, acha kutumia, usiichaji tena, iweke mbali na vitu vinavyoshika moto. Harusi moja haina thamani ya kuunguza nyumba.

HATA WAKUBWA WALICHEMKA

Anayedhani haya ni matatizo ya watu wa kijijini akumbuke mwaka 2020. Canon walitoa kamera yao ya EOS R5, ya maelfu ya dola, yenye kurekodi video ya 8K. Dunia nzima ikaishangilia, halafu ikaanza kulalamika. Kwa maelezo ya kampuni yenyewe, kwenye joto la nyuzi 23 ilirekodi 8K dakika kama 20 tu kabla ya kuhitaji kupoa. Wapiga video wa Ulaya na Marekani wakafanya kile kile alichofanya kijana wa Mbamba Bay zamani, yaani kutafuta kivuli, kukata video vipande na kusubiri. Ndani ya wiki chache kampuni ikatoa programu mpya ya kamera iliyopunguza tatizo. Hilo nalo ni somo. Kamera mpya ikizingua, angalia kwanza kama mtengenezaji ametoa programu mpya kabla hujaipeleka sokoni.

Mazingira ya huku nayo yamebadilika. Mwaka 2018 njia ya umeme ya kilovolti 220 kutoka Makambako ilifika Songea, na zama za kutegemea jenereta zikaanza kuaga. Barabara ya kushuka ziwani imewekwa lami. Nyasa, iliyokuwa sehemu ya Mbinga, ni wilaya yake tangu 2012, na sherehe zake sasa zina kameramani wake, betri tatu tatu mfukoni.

Lakini ushindani umekuja kutoka kwenye simu. Kila mgeni ana kamera. Na angalia ajabu hii: simu nazo zikipigwa jua huku zinarekodi mganda, zinaandika kwamba zimepata joto kupita kiasi na zinagoma. Anayejua la kufanya ni yule yule mpiga picha wa zamani, aliyeitwa tapeli mwaka 2009.

JINA NYUMA YA PICHA

Enzi za mkanda, wapiga picha wengi walikuwa na muhuri. Ukigeuza picha ya zamani unaweza kukuta jina la studio limegongwa nyuma kwa wino. Picha ya kwenye memori kadi haina mgongo wa kugongwa muhuri. Waliopitia kipindi kigumu kuliko vyote, kile cha betri zinazokufa na kamera zinazochemka, ndio ambao majina yao hayapo popote. Wamebaki kuwa "yule kameramani ambaye kamera yake ilizima."

Mdau, ukiwa na picha ya kipaimara, ya harusi au ya msiba wa kule kwenu, muulize mzee aliyekuwepo nani alipiga, uandike jina nyuma ya picha. Na kama yupo hai, mpelekee salamu. Huenda siku ile alikuwa amekaa chini ya mwembe na kamera ya moto mapajani, akihesabu dakika, akiomba ipoe kabla wazee wa upande wa mume hawajaondoka.